Dawa ya Bosko na Nguruwe wa Arawa

Siku Bosko Damana aliposhuka Arawa, kitu cha kwanza alichokiona ni wanaume wazima wanasukuma Landkruza. Wanasukuma, wanatukana, wanapumzika, wanasukuma tena. Nyingine ilikuwa imeegeshwa kando ya soko, na kuku alikuwa ameshapata pa kutagia kwenye kiti cha dereva. Meli ya dizeli ilikuwa haijatia nanga tangu mvua zianze, na mji mzima ulikuwa unatembea kwa miguu na kununa. Mtu mwingine angeona shida. Bosko aliona mlango umeachwa wazi na wenye nyumba wamelala.

Alikuwa kijana wa kupendeza, tusimnyime haki yake. Mweusi tii kama sisi wenyewe, na huku kisiwani Bougainville weusi ndiyo sifa yetu. Mtu mweusi namna ile haulizwi ametoka wapi, anaulizwa tu mama yake ni nani. Bosko alilitaja jina la mama yake, Rosina wa Kieta, na kwa hilo hakudanganya. Ambacho hakukitaja ni kwamba alibebwa kuvuka bahari kwenda Moresby, mji mkuu, akiwa bado ananyonya, kabla ya vita, na huko ndiko alikojifunza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaingiza watu mjini, hata wale waliozaliwa mjini.

Tena hakuja mikono mitupu. Kwenye lori lililomleta kutoka Buka alikuwa na pipa la dizeli halisi, alilolipata kwa njia ambazo hatutazichimba. Nia yake ilikuwa kuliuza kwa vikombe. Lakini alipowaona wale jamaa wanavyohema, akajiambia kwamba kuuza dizeli ni kazi ya watu wasio na akili. Akalibingirisha pipa lake mpaka kwenye gofu la ile bekari iliyoungua wakati wa vita, akalifunika kwa mabati na majani, akajipangusa mikono, akaenda sokoni kusikiliza.

Meza za popoo ndizo bunge letu. Siku hiyo aliyekuwa anahutubia ni Ambros Toroke, mwenye duka, mtu wa kitambi na ndevu ndefu. Ndevu zilikuwa za msiba. Mama yake alifariki mwaka uliopita, na mwanamume wa kwetu hanyoi mpaka karamu ya kuondoa msiba ifanyike.

"Vitani serikali ilitufungia bahari," Ambros alikuwa anasema huku akichovya daka, kijiti cha kutafunia popoo, kwenye chokaa. "Si sindano, si chumvi, si dizeli. Tukaendesha magari kwa nazi. Dunia nzima haijui."

"Inajua, mjomba," akasema Bosko, akijibana kwenye benchi. "Kule chuoni Moresby tunawasoma nyinyi."

Hakuna chuo chochote chini ya jua kinachomsoma Ambros Toroke, lakini Ambros alikuwa amelisubiri neno hilo maisha yake yote. Akamsogezea Bosko popoo.

"Sasa mbona mnasukuma?" Bosko akauliza.

"Mafuta ya nazi ni kama mkwe, mwanangu. Hukurupuki naye. Umpe injini dizeli kidogo kwanza, ipate moto, ndipo ugeuze kwenye nazi. Na hiyo dizeli kidogo ndiyo hatuna. Halafu uchuje kwa kitambaa, kichujio kizibe, ushuke, usafishe, upande. Marehemu mama alikuwa anayaweza. Sisi tumeharibiwa na raha."

"Na kama mkwe angeamka mwenyewe, mjomba? Bila kubembelezwa?"

Ambros akaacha kutafuna. Bosko akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa chenye maji ya kijani, akakiweka mezani taratibu sana. Ndani yake mlikuwa na sabuni ya vyombo, tangawizi, na mafuta ya nywele kidogo kwa ajili ya heshima. Bosko alikieleza kwa maneno mengine.

Hapa ni lazima niseme habari ya gari, maana bila gari hakuna hadithi. Landkruza ya akina Toroke ilikuwa ya mama yao. Vita vilipoanza na watu wakawa wananyang'anywa magari, yule mama aliichimbia shimo, akaifukia nzima nzima, akapanda viazi juu yake. Mambo yalipopoa akaifukua, akaivuna kama kiazi kingine, akaiwasha kwa mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Imebeba wagonjwa, imebeba mbata, imebeba maharusi. Yeye mwenyewe ndiyo iliyompeleka kaburini. Alipokwisha gari likawa la binti yake, Skolastika, kwa sababu kwetu ardhi, nyumba na jina hupita kwa mama. Kaka kazi yake ni kusema mbele za watu. Dada ndiye mwenye mali, lakini kaka akishasema hadharani dada hamkatizi, maana aibu ya kaka ni aibu ya ukoo mzima. Ni mpango mzuri, isipokuwa pale kaka anapopenda sana kusema.

Na karamu yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nguruwe wa karamu walikuwa wamefugwa kwa ndugu zao mlimani, juu kabisa kwenye njia ya mgodini, na hapakuwa na tone la dizeli la kuwafuata. Skolastika alikuwa halali vizuri. Karamu isipofanyika, mama yake anabaki njiani, hajaagwa, na ndevu za kaka zinaendelea kuota.

Jumanne jioni Bosko alijaza dumu kwa mafuta ya nazi mbele ya watu wote, akatia kifuniko kimoja cha dawa yake, akatikisa.

"Sasa yanalala gizani mpaka asubuhi," akatangaza. "Mtu asiyaone. Yakionwa yanaona haya."

"Yanaona haya?" akauliza mmoja.

"Wewe ukibadilika mbele za watu huoni haya?"

Watu wakaona kuna ukweli hapo. Dumu likaenda kulala na Bosko kwenye gofu la bekari, na huko mafuta ya nazi yakamwagwa nyuma ya ukuta, na dumu likajazwa dizeli kutoka kwenye pipa. Asubuhi Ambros alinusa, akachovya kidole, akaonja, akatema, akatoa macho pima. Dizeli tupu. Wakaimimina kwenye Landkruza ya mama, na injini ikaitika mara ya kwanza tu, kama mtu aliyeitwa kula. Wakaizungusha soko zima. Wanaume waliokuwa wanasukuma juzi wakapiga makofi mpaka mikono ikawawasha.

"Hii dawa unaiuzaje?" Ambros akamnong'oneza, akimvuta kando, ijapokuwa Ambros akinong'ona wanamsikia mpaka bandarini.

"Mimi sitaki pesa, mjomba. Pesa inaharibu undugu. Tena kichupa kimoja kinatibu mapipa na mapipa. Nikikupa wewe na namna ya kuitengeneza, Arawa yote watakuja kwako na madumu yao. Utakuwa ndiyo bandari, utakuwa ndiyo meli." Alipokwisha kumvika kilemba cha ukoka, akakikaza. "Ninachotaka ni usafiri tu. Nina ndugu zangu Buin, nyuma ya mlima, wanateseka. Niwafikishie dawa. Gari moja, hata bovu bovu."

Ambros akaitazama Landkruza. Kichwani mwake alikuwa anaona madumu yamepanga foleni, na yeye juu ya kiti.

"Gari ni lako," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Kesho nakukabidhi. Nguruwe nitawaleta kwa gari lolote nitakalo, yote yatakuwa yanakunywa kwangu."

Wakapeana mikono. Soko zima liliona.

Skolastika alikuwa palepale na kapu lake la viazi. Alikasirika mpaka masikio yakamwuma. Alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sauti, ambaye watu wasiomjua humdhania mjinga kwa sababu hajibu haraka. Akashusha kapu. Alikuwa anamtazama nguruwe wake.

Nieleze kidogo. Gari linalokwenda kwa mafuta ya nazi linanuka kama jiko la sikukuu. Harufu hiyo inatoa watoto nje, inaamsha mbwa, lakini zaidi ya wote inawaamsha nguruwe, ambao tunawalisha machicha tangu wadogo. Wakati wa vita ukitaka kujua kama gari linakuja uliwaangalia nguruwe. Na asubuhi ile Landkruza ilizunguka soko, ikapita hatua chache kutoka kwa jike kubwa la Skolastika lililolala kwenye mtaro, na lile jike halikuinua hata sikio.

"Wewe unaumwa?" Skolastika akaliuliza.

Jike halikuwa linaumwa. Baadaye kidogo liliinuka, likajinyoosha, likaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Skolastika akalifuata. Likapita uwanja wa kanisa, likapita nyumba zilizoungua, likaingia nyuma ya gofu la bekari, na hapo akawakuta nguruwe wa nusu ya mji wamekusanyika, wanalamba udongo, pua zote zinang'aa mafuta. Skolastika akazunguka ukuta, akainua bati moja. Akanusa. Akalirudisha bati mahali pake.

Alikaa juu ya tofali akacheka peke yake, kisha kicheko kikakatika, maana alimkumbuka mama yake na lile shimo la viazi. Aende sokoni kupiga kelele? Ambros amekwisha sema. Kumwumbua kijana ni kumvua nguo kaka yake mbele ya mji, siku tatu kabla ya kumuaga mama yao. Amwache kijana aondoke? Gari la mama liishie kwa tajiri gani huko ng'ambo ya maji? Akalitazama lile jike lililokuwa bado linalamba, akautazama mlima nyuma ya mji, ambao kama kawaida ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Akainuka akaenda kwa mama yake mdogo, Perpetua.

"Mama mdogo," akasema, "kesho ungependa kupanda gari ukamsalimie mwanao Blasius kule mlimani?"

"Kuna baridi huko."

"Ndiyo."

Bi Perpetua akaanza kutafuta sweta lake.

Alhamisi asubuhi makabidhiano yalifanyika mbele ya duka. Ambros alitoa hotuba, akapokea kichupa chake cha dawa na namna ya kuitengeneza. Skolastika alikuja akiendesha Landkruza mwenyewe, ameshaizungusha mji hadi injini imechemka, akaiacha inanguruma, akashuka.

"Mwanangu Bosko," akasema kwa ile sauti yake ya pole, "nimeona haya kukupa gari lina tangi tupu. Dizeli yako ile nimeitoa yote, ya nini tena? Nimekujazia mafuta ya nazi yetu, safi, nimechuja kwa kanga. Tia dawa yako, tuone kwa macho."

Bosko akatazama tangi, akatazama watu. Watu walikuwa wengi.

"Si yanatakiwa yalale, mama?"

"Yatalala njiani. Au dawa haiwezi?"

"Inaweza," akasema Bosko haraka, akatia kifuniko kimoja, na cha pili kwa kujionyesha. Moyoni hakuwa na wasiwasi mkubwa. Hawa watu si waliendesha kwa nazi vita vizima? Injini ni ya moto tayari. Asiizime tu, akanyage mpaka Buin, ambako mtu mmoja mwenye boti alikuwa anamsubiri. Pipa lake nyuma ya bekari akaliaga kimoyomoyo. Ambros angefungua mafuta yake kesho alfajiri, na mpaka hapo Landkruza itakuwa imeshavuka maji kwenda Visiwa vya Solomon.

"Na huyu mama yangu mdogo utamsogeza mpaka kwenye kizuizi cha barabara juu mlimani, si ndiyo njia yako ya Buin," Skolastika akaendelea. "Na hiki chungu cha tamatama ni cha Blasius, mwanawe, ndiye mkubwa wa kizuizi. Usimpite bila kumpa, atahisi vibaya. Akihisi vibaya huwa anafungua magurudumu ya watu."

Bi Perpetua akapandishwa mbele, amevaa sweta la sufi katikati ya joto lile. Kapu lake lililofunikwa majani likawekwa nyuma. Bosko akaondoa gari. Na hapo nguruwe wa Arawa, walioamshwa na harufu tangu Skolastika alipozunguka, wakainuka. Walitoka mitaroni, walitoka chini ya nyumba, jike la Skolastika likiwa mbele, wakalikimbiza lile gari mpaka daraja la mwisho. Bosko aliwaona kwenye kioo akacheka, akadhani ndivyo wanavyoaga watu huku.

"Mwanangu, hukuchukua sweta?" Bi Perpetua akamwuliza barabara ilipoanza kupanda.

"Mimi damu yangu inachemka, bibi."

"Itapoa. Mama yako ni nani vile?"

"Rosina. Wa Kieta."

"Rosina yupi? Aliyeolewa na karani wa bandari, akahamia Moresby? Ana kovu hapa kwenye nyusi?"

Bosko akageuka kumtazama, gari likayumba. Hilo kovu alikuwa analiona kila asubuhi ya utoto wake.

"Angalia barabara," akasema Bi Perpetua. "Alianguka kwenye mnazi wetu. Nilimwambia asipande, akapanda. Basi Rosina ni mtoto wa binamu yangu, na wewe ni mjukuu wangu. Unafanana naye. Hasa mdomo."

Bosko hakupenda habari hiyo hata kidogo. Mtu wa kazi yake anapenda ndugu wa kubuni, si ndugu wa kweli. Akazidi kukanyaga mafuta. Mvua ikaanza, ile ya mlimani, nyembamba na ya baridi. Ukungu ukashuka barabarani. Yale mashati ya maua ya Moresby yalishonwa kwa ajili ya ufukweni, na Bosko akaanza kugonganisha meno. Injini nayo ilikuwa na namna yake ya kukohoa, ikikata na kurudi, lakini ikavuta.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa barabarani na kibanda cha mabati kando yake. Blasius akatoka na ndevu za msiba kifuani, mrefu kuliko mlango wake. Akamsalimia mama yake, akapokea chungu, akaingiza mkono dirishani na kuzima gari, akautia ufunguo mfukoni.

"Usizime," Bosko akasema, akiwa amechelewa.

"Hapa injini zote zinazimwa. Ndiyo sheria ya hapa. Karibu ule."

"Ndugu yangu, nina haraka."

"Chakula cha dada yangu hakiliwi na mtu mmoja. Ukikikataa, unanikataa mimi." Blasius alisema hivyo kwa upole, na upole wa mtu mrefu vile unatisha kuliko ukali. Wakaingia kibandani. Wakala tamatama, ndizi zilizopondwa zikamiminiwa tui zito la nazi, taratibu, kwa heshima zote. Blasius akahadithia vita. Bi Perpetua akamsahihisha Blasius. Nje mvua iliendelea kulipiga tangi la Landkruza.

Walipotoka Bosko akapewa ufunguo. Akapiga starta. Ikalia. Akapiga tena. Ikalia kwa unyonge zaidi. Akapiga mpaka betri ikaanza kulalamika. Blasius akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akaingiza kijiti. Kijiti kikasimama wima. Akachota kidogo akakileta mpaka dirishani: mafuta meupe, mazito, yameganda kama samli ya baridini.

"Hii nini?" akauliza Bosko, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kweli tangu afike kisiwani.

"Mafuta ya nazi," akasema Blasius. "Hukuwahi kuyaona yakiganda?"

Angeyaona wapi? Moresby hakuna baridi, na mafuta ya kupikia yanatoka dukani kwenye chupa. Mtoto wetu yeyote aliyekulia hapa vitani anajua kwamba ya pwani yakipanda mlima yanakuwa jiwe, na kwamba mama zetu walikuwa wanabeba dizeli kidogo kwenye chupa ya maziwa kwa ajili ya kilele tu. Bosko alikuwa amewauzia watu hawa elimu yao wenyewe, bila kuisoma ukurasa wa pili.

"Tia dawa, mjukuu wangu," akasema Bi Perpetua kutoka ndani ya sweta lake.

Bosko akakitazama kichupa chake. Akatia. Sabuni ya vyombo ikakaa juu ya yale mafuta meupe, kijani kibichi, inapendeza, haifanyi kitu.

"Labda haijalala," akasema Blasius.

Hakuna aliyecheka. Bosko alitazama barabara ya kushuka Buin, akatazama ya kurudi Arawa, zote zimemezwa na ukungu, akatazama miguu yake yenye makubadhi. Hapo Bi Perpetua akashuka polepole, akaenda kwenye kapu lake, akafunua majani, akatoa dumu dogo, akalifungua, akamsogezea puani.

"Harufu hii unaijua?"

Bosko aliijua. Ilikuwa dizeli yake mwenyewe.

"Pipa lako liko salama," akasema bibi. "Skolastika amelitunza tangu jana. Anashukuru sana. Anasema gari lilikuwa linatakiwa huku juu, nguruwe wako huku, na alikosa dereva."

Kibandani kulikuwa na moto, lakini Bosko alisimama pale mvuani mpaka Blasius akamtupia gunia ajifunike. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Mtanipiga?"

"Mjukuu wangu nikupige?" Bi Perpetua akashangaa kabisa. "Nimekwisha mpigia simu mama yako tu. Huku juu mtandao ni mzuri."

Nasikia hapo ndipo alipoomba mwenyewe aonyeshwe nguruwe wanapakiwaje.

Sasa turudi pwani. Ijumaa alfajiri Ambros alifungua mapipa yake yaliyolala gizani usiku kucha, akakuta mafuta ya nazi, yenye povu kidogo. Akachovya kidole, akaonja sabuni. Nje watu walikuwa wameanza kupanga madumu. Ambros akakaa chini kati ya mapipa, na zile ndevu zake zikaonekana kubwa kuliko yeye. Kama mtu anaweza kufa kwa aibu akiwa amekaa, basi alikuwa njiani.

Skolastika akaingia na chai.

"Kaka," akasema, "umesahau lile pipa jingine. Lile ulilonituma nikalichukue nyuma ya bekari. Dawa yake imekubali."

Ambros akaliendea pipa lililokuwa pembeni, akafungua, akanusa. Kisha akamtazama dada yake. Skolastika alikuwa anawatazama kuku.

"Kila mtu kikombe kimoja," akaendelea, "cha kuamshia injini. Yakiwaka wageuze kwenye nazi, kama alivyokuwa anafanya mama."

"Kikombe kimoja," akasema Ambros. Akakohoa. Akatoka nje, akasema mbele za watu, na alisema vizuri.

Mchana Landkruza ikashuka kutoka mlimani imejaa nguruwe, Blasius kwenye usukani, tangi limeyeyushwa kwa maji ya moto na injini imeamshwa kwa dumu la Bi Perpetua. Nyuma, katikati ya nguruwe, alikaa Bosko akiwa amejifunika gunia, na nguruwe mmoja amemlalia mguuni. Watu wakauliza, mbona dokta wa dizeli amerudi?

"Alipopata habari ya msiba wetu," Skolastika akasema kwa sauti ya kusikika, "akasema hawezi kuondoka na gari la marehemu. Amelirudisha, na nguruwe ametubebea. Kumbe ni mtoto wa Rosina. Ni mtoto wetu."

Watu wakampigia Bosko makofi. Akakuna nazi za karamu jioni nzima, amekalia mbuzi na vidole vinatoka damu, na kina mama wakimsifu kwa bidii yake.

Jumamosi msiba ukaondolewa. Ilikuwa karamu ya heshima, mama yule aliagwa kama alivyostahili, na wazee walilia bila kujificha. Ambros akanyolewa mbele ya watu, kidevu chake kikatokea kimepauka na kidogo kama cha mtoto. Alipokaa karibu na dada yake, akauliza bila kumtazama:

"Ilikuwa sabuni?"

"Ya vyombo."

"Nilijua."

"Najua ulijua, kaka," akasema Skolastika, akamsogezea nyama.

Bosko naye aliitwa mbele, akapewa paja zima la nguruwe, la kwanza kugawiwa. Akalipokea kwa mikono miwili, ameguswa kweli, hata machozi yakamlengalenga. Maskini, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba paja la kwanza la karamu haliliwi bure. Anayelipokea mbele ya ukoo analeta nguruwe mzima karamu ijayo. Watu wote waliona akilipokea.

Jumatatu wakampeleka mwanzo wa njia ya Buka, kwa gari la mama, linakwenda kwa nazi tupu. Bosko alikaa nyuma na paja lake limefungwa kwa majani ya ndizi. Bi Perpetua akaja kumuaga dirishani, ameacha sweta nyumbani.

"Mama yako anakuja Krismasi," akamwambia. "Nimemsimulia yote. Amesema nguruwe utamleta wewe, na yeye atakuja mapema akusubiri hapa."

Gari likaondoka. Nguruwe wa Arawa wakainuka mitaroni mmoja mmoja, wakaanza kulikimbiza, jike la Skolastika mbele. Bosko alilikumbatia paja lake akawatazama, na nadhani alikuwa anachagua.